Mafuriko au ukame umekula mavuno, fedha ya shule itoke wapi? Ulinganisho wa njia tano kwa kaya za vijijini Dodoma

Mkoa wa Dodoma una msimu mmoja wa mvua: huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili. Shule hufunguliwa Januari. Ndiyo maana mafuriko yakija, huja wiki zile zile ambazo mzazi anahangaika na sare, viatu na madaftari. Ilikuwa hivyo mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, maji yalipoisomba reli ya kati kwenye kipande cha Kilosa hadi Gulwe na kuacha watu bila makazi. Ikawa hivyo tena kwa jirani zetu wa Hanang, matope yaliposhuka mlimani hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023, wiki chache tu kabla ya muhula mpya.

Ukame una mwendo mwingine. Mtama au alizeti ikikauka Machi, pigo la shule halionekani siku hiyo. Linaonekana Juni na Julai, pale ambapo hakuna gunia la kuuza, na linauma zaidi Januari inayofuata, baada ya kaya kula akiba yote.

Kwa hiyo swali la "msaada upi ni mzuri" halijibiki peke yake. Kila fedha ina kalenda yake, na kila gharama ya shule ina tarehe yake. Anza kwa kuoanisha hivyo viwili.

Kwanza, jua kinachodaiwa

Ada ya shule za serikali si mzigo tena. Ilifutwa kuanzia Januari 2016 kwa msingi na kidato cha kwanza hadi cha nne, na kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kwa kidato cha tano na sita. Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji kwa kiwango cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, lakini fedha hiyo huingia akaunti ya shule, haiji nyumbani.

Kinachobaki kwa mzazi kigawe mafungu matatu kwenye karatasi moja. Fungu la kwanza ni vya mara moja: sare, viatu, begi, madaftari, kaunta buku, na kwa anayeingia kidato cha kwanza, vyote vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Fungu la pili ni vya kila mwezi: chakula cha mchana, kodi ya geto (chumba anachopanga mwanafunzi karibu na shule) au hosteli, nauli, sabuni, mafuta ya taa au chaji ya taa ya sola. Fungu la tatu ni vya msimu, kama michango ya mitihani ya majaribio. Kila kimoja kiandikie tarehe ya mwisho. Kaya nyingi hutafuta fedha ya fungu la kwanza, zikaipata, kisha mtoto akaacha shule Machi kwa kukosa fungu la pili. Sare mpya haimzuii mtoto wa geto kurudi nyumbani kwa njaa.

Kabla ya kutafuta hata shilingi, nenda shuleni uipunguze bili yenyewe. Michango inapaswa kuwa ya hiari, na mwanafunzi hatakiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Muone mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kamati ya shule (kwa sekondari, mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi), ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza maafa. Omba mambo yanayotekelezeka: mchango wa mahindi usogezwe hadi mavuno, au ubadilishwe kuwa kuni, maji au siku za kazi, mtoto avae nguo za nyumbani kwa muda wa kutajwa, vifaa vya fomu ya kujiunga viletwe kwa awamu. Makubaliano yaandikwe na nakala ibaki kwako, kwa sababu mwalimu wa zamu getini hajui mlichozungumza ofisini.

Vigezo

Njia zote tano hapa chini tumezipima kwa mambo yale yale: kasi ya fedha kufika, inacholipia, karatasi na masharti, inachodai baadaye, na mahali inapokwama. Mwisho wa kila moja tumesema inamfaa nani.

Msaada wa maafa kupitia serikali ya kijiji

Kasi: siku hadi wiki kwa chakula, mablanketi na turubai, miezi kwa ujenzi wa nyumba. Kwa ukame ni polepole zaidi, na mara nyingi msaada huwa mahindi ya bei nafuu kutoka Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula.

Inacholipia: kwa kawaida vitu, si fedha. Vifaa vya shule huja pale tu vilipoombwa kwa majina na idadi. Usidharau mahindi ya bei nafuu lakini. Kila debe ambalo hukulinunua sokoni kwa bei ya njaa ni fedha ya kodi ya geto.

Karatasi na masharti: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa kuanzia kijiji na kata hadi wilaya na mkoa. Taarifa huanza kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, kisha hufanyika tathmini ya nyumba kwa nyumba. Orodha ya tathmini ndiyo mlango wa kila kitu kinachofuata, pamoja na mashirika yatakayokuja baadaye.

Inachodai baadaye: hakuna deni.

Inapokwama: kwenye orodha hiyo hiyo. Mara nyingi mstari wa kaya huwa na jina la baba, idadi ya watu na "nyumba imebomoka". Hapo hakuna mwanafunzi anayeonekana. Omba mstari wako usomeke hivi: jina la mkuu wa kaya, kitongoji, kilichoharibika, halafu kila mwanafunzi kwa jina, shule, darasa, namba ya kiatu na alichopoteza ("daftari zote, sare jozi mbili, cheti cha kuzaliwa"). Afisa anayegawa vifaa akiwa na orodha ya namna hiyo hahitaji kurudi kuuliza. Tatizo la pili ni kaya zilizokimbilia kwa ndugu kijiji kingine. Tathmini inapopita hazipo, na huko zilikohamia zinahesabiwa wageni. Mtu mzima mmoja abaki au arudi siku ya tathmini, na msiondoke kabla ya kuona jina limeandikwa.

Inamfaa nani: kaya iliyopigwa na tukio la ghafla, yenye upungufu wa fungu la kwanza. Kwa fungu la pili haitoshi.

Ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii)

Kasi: ndogo. Malipo hutoka kwa madirisha, yaani awamu, kwa utaratibu wa kila miezi miwili, na dirisha linaweza kuchelewa. Kwa kaya ambayo haimo kwenye mpango ni ndogo zaidi, kwa kuwa utambuzi wa kaya hufanyika kwa vipindi maalumu na kupitishwa na mkutano wa kijiji. Mafuriko ya Januari hayafungui daftari la TASAF Februari.

Inacholipia: fedha taslimu, matumizi huamua kaya. Hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Inaweza kulipa kodi ya geto, jambo ambalo karibu kila msaada mwingine unalikwepa. Kiasi hutegemea watoto na ngazi ya shule. Walengwa wenye uwezo wa kufanya kazi hupata pia ajira za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara, na kwa kuwa kazi hizo hufanyika zaidi kiangazi, ujira wake unaweza kuwekwa kwa ajili ya Januari.

Karatasi na masharti: mtoto ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za shule. Mahudhurio hujazwa shuleni kwenye fomu za mpango.

Inachodai baadaye: si deni, ila masharti yakivunjwa malipo hukatwa.

Inapokwama: hapa pana mambo mengi, na mengi yanazuilika. Korongo likijaa na watoto wasivuke kwa wiki mbili, fomu itasoma utoro. Mwambie mwalimu wa darasa sababu mapema, na mwenyekiti wa kitongoji athibitishe kwa maandishi, kabla fomu haijaondoka shuleni. Mtoto akihamia shule nyingine baada ya maafa, taarifa za kaya zisiporekebishwa atahesabiwa mtoro kwenye shule ya zamani huku akisoma kila siku kwenye mpya. Aliyemaliza darasa la saba na kuingia kidato cha kwanza naye ahuishwe. Simu ikisombwa na maji, laini isajiliwe upya haraka kwa alama za vidole na namba ya NIDA, maana malipo ya simu huenda kwenye namba iliyo kwenye mfumo. Mpokeaji akifariki au kulazwa, kubadilisha jina huchukua muda, kwa hiyo mueleze mwezeshaji siku hiyo hiyo. Pia kaya huhitimu na kuondolewa kwenye malipo. Usiiweke ruzuku kwenye bajeti ya mwaka kabla ya kuuliza ofisi ya TASAF ya halmashauri kama jina lako bado limo kwenye orodha.

Kuna faida ambayo wazazi wengi hawaijui: namba ya kaya ya TASAF huombwa kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na humsaidia mwombaji kuthibitisha hali ya kwao. Itunze hata baada ya kuhitimu.

Inamfaa nani: kaya ambayo tayari ni mlengwa, yenye gharama za kila mwezi. Kwa asiye mlengwa, jiandikishe utambuzi ukifika, lakini muhula huu tegemea kingine.

Kikundi cha hisa au VICOBA

Kasi: kubwa kuliko zote, siku ya kikao tu. Mfuko wa jamii unaweza kutolewa hata nje ya kikao kama katiba ya kikundi inaruhusu.

Inacholipia: chochote. Ila kuna mifuko miwili ndani ya sanduku lile lile lenye kufuli tatu, na watu huichanganya. Mfuko wa jamii ni mdogo na hutolewa bila riba kwa msiba, ugonjwa au janga. Huo ndio wa sare na madaftari. Mfuko wa hisa hutoa mkopo wenye riba, kwa kawaida hadi mara tatu ya hisa zako.

Karatasi na masharti: uwe mwanachama tangu kabla ya maafa, mwenye hisa, na wenzako wakudhamini. Kikundi kiwe kimesajiliwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliviweka vikundi hivi daraja la nne.

Inachodai baadaye: fanya hesabu. Chukua hisa ya shilingi 2,000. Mwenye hisa 30 ana 60,000, hivyo anaweza kukopa 180,000. Riba ikiwa asilimia 5 kwa mwezi ya mkopo wa awali, ni 9,000 kila mwezi. Kwa miezi mitatu atarudisha 207,000. Sasa tazama kalenda: aliyekopa Januari kwa miezi mitatu anatakiwa kumaliza Aprili, wakati shamba bado bichi na ghala tupu. Miezi sita humfikisha Julai, kwenye mavuno, kwa riba ya 54,000, na sehemu ya riba hiyo humrudia kwenye mgao, pale kikundi kinapogawana akiba na faida. Kwa mkulima wa hapa, mkopo wa shule wa chini ya miezi sita ni mtego. Vikundi vinavyojali wanachama wake virekebishe katiba kuhusu hilo.

Inapokwama: mafuriko hayachagui mwanachama mmoja. Kitongoji kizima kikisombwa, wote wanataka kukopa wiki moja na wadaiwa wote wanashindwa kulipa wiki hiyo hiyo. Sanduku hukauka pale linapohitajika zaidi. Kikundi hulinda vizuri dhidi ya pigo la kaya moja, nyumba iliyoungua au kuangukiwa na mti, na hulinda kwa wastani dhidi ya ukame kama wanachama wana vipato tofauti: mwenye duka, mfumaji wa mikeka, fundi, mvuvi wa Mtera. Ambako wote ni wakulima wa korongo moja, kikundi kiweke sehemu ya mfuko wa jamii benki au kwenye simu ya kikundi, na kisikopeshe yote. Jambo jingine ni tarehe ya mgao. Tunashauri ufanyike wiki ya mwisho ya Desemba. Mgao wa Agosti huishia harusini.

Inamfaa nani: mwanachama wa muda mrefu aliyepigwa peke yake, mwenye uhakika wa kipato ndani ya miezi sita.

Kuuza mfugo

Hii ndiyo njia ya asili ya Ugogo, na bado ina heshima yake: mbuzi ni akiba ya shule inayojizalia.

Kasi: siku ya mnada. Inacholipia: chochote. Karatasi: kibali cha kusafirisha mfugo nje ya kijiji na ushuru wa mnada. Inachodai baadaye: mfugo umepungua, na ukimuuza jike umeuza na uzao wake.

Inapokwama ni kwenye bei. Katika ukame wafugaji wote huuza kati ya Agosti na Novemba, mifugo imekonda, na wanunuzi wa Msalato au mnada wowote wanalijua hilo. Ukiona mvua ya Februari na Machi imekatika mapema, uza dume moja au wawili Mei au Juni wakiwa bado na nyama, na uitenge fedha hiyo kwa jina la mtoto na la gharama. Baada ya mvua kubwa kuna hatari nyingine: homa ya Bonde la Ufa. Mlipuko wa 2006/07, uliofuata mvua za El Niño, uliipiga Dodoma vibaya na kuyumbisha biashara ya mifugo na nyama. Kaya yenye akiba yote zizini haikuwa na akiba wakati huo.

Inamfaa nani: mwenye mifugo zaidi ya ile ya kuendeleza zizi, anayeweza kuuza mapema. Mwenye mbuzi watatu tu aanze na njia nyingine.

Ufadhili wa dini, asasi na ndugu

Kasi: ndugu, siku moja hadi mbili. Parokia, usharika au msikiti, wiki kadhaa. Shirika, muhula mzima au zaidi, kwa kuwa huchagua wanafunzi kwa utaratibu wake. Chama cha Msalaba Mwekundu hufika mapema wakati wa maafa, lakini kazi yake kuu ni dharura, si miaka minne ya sekondari.

Inacholipia: mara nyingi hulipwa shule, fundi cherehani au mwenye hosteli moja kwa moja. Hilo linamlinda mtoto, ila linaacha wazi nauli na chakula.

Karatasi na masharti: barua ya mtendaji, barua ya shule, cheti cha kuzaliwa, matokeo. Kama cheti kimepotea, pata taarifa ya upotevu polisi kisha fuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia ofisi ya wilaya. Usisubiri mfadhili apatikane ndipo uanze.

Inachodai baadaye: hakuna deni la fedha. Mfadhili mwema hudai matokeo ya mtoto tu. Anayedai vingine, hasa kwa msichana, mkatae na umripoti.

Inapokwama: ufadhili wa mwaka mmoja kwa masomo ya miaka minne. Uliza maswali matatu kabla ya kupokea: ni kwa miaka mingapi, nani analipwa, na tutajulishwa lini ukikoma. Kwa ndugu wa mjini, omba kitu mahususi badala ya "msaada wa shule". Tuma jina la shule, rangi na mshono wa sare, kipimo cha kiuno na urefu, namba ya kiatu. Wakiwa ndugu wanne, mmoja achukue kodi ya geto, mwingine chakula, mwingine sare. Mchango wa jumla huanza kwa kasi na kufifia mwezi wa tatu.

Inamfaa nani: yatima, mtoto mwenye ulemavu, mwanafunzi wa kidato cha tatu na nne anayekaribia kumaliza, na kaya iliyokosa vyote viwili, TASAF na mifugo.

Mikopo ambayo hatukuiweka kwenye orodha

Mkopo wa simu hulipwa kwa muda mfupi, mara nyingi ndani ya mwezi. Unafaa nauli ya kumpeleka mtoto shule, kwa kaya yenye mtu anayelipwa mshahara. Haufai kaya inayosubiri Julai. Kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, usiiguse kabisa. Imechukua vitanda, baiskeli na mashamba ya watu kwa sababu ya jozi ya viatu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haina riba, lakini ni ya mradi wa kikundi. Ukiila kwenye sare, mradi hufa na wenzako wanabaki na deni.

Kwa hali yako

Nyumba imesombwa Desemba au Januari na hakuna kilichobaki: hakikisha majina ya wanafunzi yamo kwenye orodha ya tathmini, kaa na shule upate makubaliano ya maandishi, tumia mfuko wa jamii kwa madaftari na kiatu, na wagawie ndugu gharama za kila mwezi. Mkopo wa hisa usubiri hadi ujue utaishi wapi.

Ukame, na wewe ni mlengwa wa TASAF: ruzuku iende kwenye chakula cha shule na kodi, linda mahudhurio, na ujira wa ajira za muda uufungie kwa ajili ya Januari. Mahindi ya bei nafuu yakiletwa, nunua.

Ukame, si mlengwa, una mifugo: uza dume mapema, lipa kodi ya geto ya muhula mzima kwa mkupuo mmoja, kisha ulizia tarehe ya utambuzi wa kaya unaofuata.

Mmehamia kijiji kingine: mtoto apokelewe shule iliyo karibu kwanza, huku uhamisho ukifuatiliwa. Kwa wa shule ya msingi beba au uliza namba yake ya PREM (namba ya utambulisho wa mwanafunzi) kutoka shule aliyotoka. Bila hiyo uhamisho hukwama na usajili wa mtihani wa darasa la saba huingia mashakani.

Mtoto ameshaacha shule kwa sababu ya maafa: tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali kurudi. Nenda na mtoto kwa mkuu wa shule ukiwa na barua ya mtendaji. Akikataliwa, nenda kwa afisa elimu kata, kisha wilaya. Katika hali hii tafuta fungu la pili kwanza, yaani chakula na mahali pa kulala, halafu sare.

Una watoto wawili na fedha ya mmoja: wa darasa la saba au kidato cha nne apate kodi na chakula kwanza, kwa kuwa mtihani haumsubiri, na mdogo aendelee shule ya kutwa kwa makubaliano ya michango. Usimtoe msichana kwa kuwa ndiye anayesaidia nyumbani. Mgawane kazi hizo upya, na kama maji yako mbali, zungumza na shule kuhusu muda wa kufika hadi mvua zikate.